Bibi yangu alinyonyesha mtoto wa jirani yetu Muislamu, na wetu akaacha kuongeza uzito

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Mimi humu ni wa kusoma na kupita, lakini leo acha nami niweke yangu. Sitaongeza chumvi. Watu wa ploti yetu hapa Kitale wakisoma watajua ni mimi, na wako huru kunisahihisha.

Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Mimi ni fundi wa mbao, natengeneza vitanda na makabati. Kwetu ni Kamukuywa, upande wa Bungoma, lakini kazi ndiyo ilinileta Kitale na hapa ndipo nikaoa Nekesa. Tulipanga chumba kwenye ploti moja karibu na msikiti. Zile ploti ambazo jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Juma, muuza mitumba, na bibi yake Mwanaisha, mtu wa Mumias. Sisi ni watu wa kanisa, wao ni Waislamu. Tulisalimiana vizuri, tukaazimana jiko, lakini siwezi kudanganya ati tulikuwa marafiki wa ndani.

Nekesa na Mwanaisha walipata mimba karibu pamoja. Sisi tukabarikiwa kijana, Wafula, mtoto wetu wa kwanza. Haikupita muda Mwanaisha akajifungua msichana, wakamwita Salma.

Mwanaisha alirudi nyumbani na homa. Tukadhani ni uchovu wa kujifungua. Ikazidi mpaka akawa hamtambui aliye mbele yake. Hospitali ya hapa ikasema apelekwe ile kubwa ya Eldoret haraka na mtoto abaki. Kwa hivyo Juma akaachwa na kichanga, yeye na dada yake Zaituni, ambaye hakuwa amewahi kuzaa.

Walijaribu maziwa ya kopo. Mtoto akatapika. Wakajaribu ya kopo lingine, akaharisha. Sisi tunasikia yote.

Mwanzoni alikuwa analia kwa nguvu. Halafu sauti ikaanza kuwa nyembamba. Kama umewahi kusikia mtoto akilia hadi kilio kinaisha na njaa bado iko, unajua naongea nini.

Asubuhi moja Nekesa alikuwa anakunja nguo. Akaziweka chini.

"Baba Wafula, huyo mtoto ana njaa."

"Si wanampa maziwa?"

"Hayakai tumboni. Mimi nataka kumnyonyesha."

Wakuu, msimu huo ulikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi ya mama yangu kule Kamukuywa yamekauka yakiwa yamefika magotini, na mkulima ambaye hakuvuna hanunui kitanda. Nyumbani tulikuwa tunakula sukuma na ugali mchana, jioni tunakunywa uji tunalala. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe hushibi. Maziwa ya watoto wawili yatatoka wapi?"

Akaniangalia. "Haya ya Wafula yalitoka wapi? Wewe ulinunua?"

Akaokota nguo moja, akaikunja.

"Mungu ndiye aliyaweka," akasema. "Akitaka yawe ya wawili, anajua pa kuyatoa."

Sasa hapa nisimame kidogo maana najua kuna madaktari humu. Nekesa hakukurupuka. Tulienda kliniki asubuhi hiyo hiyo, sisi na Juma na Zaituni na mtoto. Nesi akampima Nekesa damu kwanza, magonjwa yote yanayoweza kupita kwa maziwa. Alipoona yuko sawa ndipo akasema aendelee, lakini watoto wote wawili waletwe mara kwa mara kupimwa uzito. Kwa hivyo usisome hapa ukaenda kunyonyesha ovyo.

Tukiwa kwenye benchi Juma akasema, "Mama Wafula, kuna kitu lazima nikuambie kabla hujaanza. Kwa dini yetu ukimnyonyesha Salma unakuwa mama yake kweli. Yeye na Wafula ni ndugu. Hawataoana maisha yao yote."

Nekesa akamjibu, "Baba Salma, wacha kwanza waote meno."

Juma akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona akicheka tangu bibi yake aondoke. Halafu akavua kofia yake akafuta macho nayo.

Salma alishika ziwa pale pale kwenye benchi. Alinyonya huku amefunga ngumi, kama mtu anayehofia atanyang'anywa. Zaituni alishindwa kuangalia, akatoka nje.

Basi ikawa ndiyo maisha yetu. Wafula upande huu, Salma upande ule. Salma akaanza kujaa mashavu.

Lakini Wafula wetu alipopimwa, uzito ukawa umesimama. Mara ya pili, hivyo hivyo. Nesi hakutuambia tuache, ila alisema mama lazima ale vizuri. Ale nini sasa?

Siku hizo ndipo mama yangu akaja kutoka Kamukuywa kumuona mjukuu. Akamkuta Nekesa amepakata watoto wawili. Akauliza, akaelezwa. Hakusema kitu mpaka Nekesa alipotoka kuanika nguo.

"Mwanangu, huyu mtoto wetu anaisha ukiangalia tu?"

Mama hakukubali hata kulala. Alishika njia ya kurudi na hasira yake.

Na mimi nikageuka. Nilimwambia Nekesa imetosha, Juma atafute mtu mwingine. Yeye hakugombana. Alimchukua Wafula, akamweka kifuani, akaanza kuomba kwa sauti ya kawaida kama anayeongea na mtu aliyekaa kwenye kiti kile kingine. "Baba, wewe unawaona wote wawili. Mimi sitamnyima mmoja. Nionyeshe vile nitafanya."

Hakutaja chakula, hakunitaja mimi. Nikatoka nikaenda karakana nikakaa na mbao zangu.

Siku chache baadaye, Nekesa bado ananyonyesha wote wawili, nikiwa karakana nikaitwa nyumbani. Nikakuta bodaboda mbili nje. Mama yangu ameshuka na magunia: njugu, unga wa wimbi, maharagwe, mboga za kienyeji, na kuku wamefungwa miguu wakilalamika. Nikamuuliza hivi vyote vimetoka wapi na kwake hakuna mavuno.

Akakaa chini kwanza. "Nilienda kumsema bibi yako kwa akina mama wa kanisa," akasema. "Nilitaka waniambie niko sawa. Nilipomaliza kueleza, mmoja akainuka akaenda kwake, akarudi na kuku. Akafuata mwingine. Hata wale ambao najua hawana, wameleta."

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni. Mama akamwambia, "Lete huyo msichana nimuone. Wewe keti ule."

Mama alikaa nasi mpaka Mwanaisha aliporudi. Alipika uji wa wimbi wenye njugu asubuhi na jioni. Zaituni alipoona hivyo naye akaanza kuleta supu, na akina mama wengine wa upande wa msikiti wakamfuata. Kuna siku Nekesa alisema amechoka kushiba. Wafula akapanda uzito, akapanda tena, mpaka nesi akatuuliza tunampa nini.

Mwanaisha alirudi kutoka Eldoret amekonda lakini anatembea. Hii sehemu ndiyo ngumu kuandika.

Salma hakumjua. Alipopewa mama yake alilia, akawa anageuza shingo kumtafuta Nekesa. Mwanaisha akasema, "Mchukue tu, Mama Wafula. Mimi nitazoea."

Nekesa akasema hapana. Alitoka nje, akaenda mpaka kwenye mfereji wa maji, akasimama huko akiwa amewapa mgongo ili mtoto asimwone. Nilimfuata. Kilio kilikuwa kinafika pale na blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa mbele yote. Tulisimama mpaka kilio kikakatika, na Zaituni akaja kutuambia Salma amelala kifuani kwa mama yake.

Wakuu, mimi nimetengeneza vitu vingi vizuri kwa mikono yangu. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kusimama karibu na mwanamke huyo.

Wafula na Salma sasa wanasoma shule moja. Wanapigana kila siku na hakuna anayeruhusiwa kumgusa mwenzake isipokuwa wao.

Nilichojifunza mimi: nilikuwa nadhani mtu anamwamini Mungu kwanza akiwa na akiba, halafu ndiyo anatoa. Nekesa alianza kutoa hatuna kitu, na majibu yakaja yamebebwa na mtu ambaye alikuwa ameenda kumshtaki.

Majuzi pasta alimwomba asimame kanisani atoe ushuhuda. Akakataa. Akamwambia, "Mtoto alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na maziwa. Sasa ushuhuda hapo ni upi?"

Ndiyo maana nimeandika mimi. Kama umewahi kutoa kitu ambacho hata kwako hakitoshi, tueleze hapa chini kilichofuata. Hata kama hakikurudi, sema tu. Nitamsomea Nekesa yote.