Kapeti Iliyoishia Robo

Jamani, aibu niliyojipikia kwenye harusi ya binti yangu Mumbua bado naionea haya hadi leo, na kila nikiisimulia watu hucheka kwanza, kisha mimi nami najilazimisha kucheka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimestaafu, naishi mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Sherehe ilikuwa mtaa wa Karen, kwenye bustani ya kukodi yenye jukwaa la duara katikati, na Mumbua aliniomba kitu kimoja tu: kapeti ya kulizunguka jukwaa hilo, upana wa mita mbili, ili akina mama wakiwazunguka maharusi kwa nyimbo, Susu (nyanya yake, yaani mama yangu, mwenye mkongojo na magoti mabovu) azunguke nao bila kukanyaga tope.

Kutoka katikati hadi ukingo wa jukwaa ni mita tatu, hadi ukingo wa nje wa kapeti ni tano. Dukani River Road nikapiga hesabu kwa kichwa: tano toa tatu ni mbili, mbili mara mbili ni nne, zidisha kwa pai, kumi na mbili na kitu.

"Nipe mita kumi na tatu za mraba," nikamwambia mama mwenye duka.

"Mwalimu, hiyo haitatosha kuzunguka. Si tuchore kwanza?" Akanitolea kipande cha katoni na kalamu. (Ile katoni, laiti ningeipokea!)

"Mama, hii kitu nimefundisha miaka thelathini," nikajibu, tena kwa sauti ili wateja wengine wasikie.

Asubuhi ya harusi watandikaji wakaanza kazi, wakafika robo ya mzunguko, kapeti ikaisha. Ndipo nikakumbuka kwamba unatafuta eneo la duara kubwa, unalitoa la duara dogo: ishirini na tano toa tisa ni kumi na sita, mara pai, mita hamsini za mraba. Mimi nilikuwa nimetoa kwanza ndipo nikazidisha, na badala ya kumwambia Mumbua mapema, kukiwa bado na muda wa kurudi dukani, nikaagiza robo ile ielekezwe kwa wageni, kwani huko nyuma nani ataangalia?

Saa sita mvua ikanyesha. Ilipokatika akina mama wakaingia wakiimba, Susu mbele kwa heshima, wakatembea vizuri hadi kapeti ilipoishia, Susu akasimama ghafla, waliomfuata wakamgonga mgongoni mmoja baada ya mwingine, mkongojo ukazama topeni, naye akaketi pwaa na kitenge chake kipya.

"Wapendwa, barabara imeisha!" MC akapaza sauti kwenye kipaza. "Kontrakta ni nani?"

"Ni mwalimu wa hesabu!" shemeji yangu akajibu, na bustani nzima ikaangua kicheko.

Mumbua akashuka jukwaani akiburuza gauni, akamwinua Susu, akaitazama kapeti, akanitazama mimi.

"Baba, ulitoa kwanza?"

Mumbua alisoma darasani kwangu, na siku moja alikosea hesabu hii hii ya pete, yaani eneo lililo kati ya duara mbili, kosa hili hili, nami nikaliinua daftari lake juu nikawauliza wenzake kama huyu kweli ni mtoto wa mwalimu. Walicheka sana. Hakuwahi kuniuliza tena swali la hesabu, nami nilidhani alishasahau.

"Vua viatu," akaniambia. "Mshike Susu mkono ule mwingine."

Tukazunguka pete nzima sisi watatu, robo kwenye kapeti na iliyobaki kwenye tope, akina mama wakiimba nyuma yetu. Tulipomaliza nikamwambia, "Nisamehe, Mumbua. Na ile ya daftari pia."

"Hiyo ndiyo nimengoja, Baba," akasema, akanipangusa tope lililonirukia shavuni.

Siku hizi mtu akiniambia tuchore kwanza, nachora. Na daftari la mtoto sitaliinua tena mbele ya watu, hata kwa utani.