Sparadra kwa Mapasa

Nilipoanza kazi kwenye redio moja ndogo ya mjini Baraka, nilikuwa na diploma ya informatiki, elimu ya kompyuta, na siri moja: sikuwahi kushika seva kwa mikono yangu. Chuoni tuliichora ubaoni. Niliichora vizuri, nikapata alama nzuri, na tangu hapo nikawa naogopa siku nitakayokutanishwa na seva ambayo haikuchorwa.

Seva ya redio ilikaa mapokezini, karibu na betri za sola. Kando yake alikaa mama anayepokea matangazo ya vifo, ya mbuzi waliopotea na ya mazoezi ya kwaya. Siku ya kwanza aliniuliza yale masanduku mawili mbele ya mashine ni ya nini. Nilimweleza kwamba ni diski mbili, na kila tunachorekodi kinaandikwa kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Unachomoa iliyokufa, unaingiza mpya, na mpya inanakili kila kitu kutoka kwa mwenzake bila kuzima mashine.

"Basi ni mapasa," alisema.

Nilifurahi kueleweka. Kwetu mapasa ni watoto pacha, na yeye mwenyewe alikuwa amezaa mapasa. Nikamwambia ndiyo, ni mapasa kabisa. Nikabandika namba, 1 kwenye diski ya juu na 2 kwenye ya chini, nikajiona enjeniere.

Humo ndani zilikuwemo nyimbo za kwaya nyingi za eneo letu la Fizi. Mmoja ulikuwa wa kwaya ya kanisa la yule mama, ambamo marehemu mume wake aliimba sauti nzito. Nakala nyingine ya wimbo huo ilikuwa kwenye simu yake, na simu ilianguka ziwani. Mchana, wageni wakipungua, alivaa visikilizi akausikiliza peke yake, nami nilijifanya nina shughuli.

Asubuhi moja nilifungua ukurasa wa hali ya mashine. Sikuwa nimeufungua kwa wiki tatu, kwa kuogopa nitakachokiona. Niliona: diski namba 1 imekufa, tangu wiki tatu zilizopita.

Diski mpya ilitoka Uvira kwa pikipiki, imefungwa katika kitenge, na hata hivyo ikafika na vumbi la njiani, la Makobola na la Nundu pamoja. Kilichobaki kilikuwa kuchomoa namba 1. Nikanyoosha mkono, halafu nikakumbuka kwamba mashine nyingi huanza kuhesabu kwenye sifuri. Ikiwa hii nayo ni hivyo, namba 1 yake ni ile ya chini, na ya juu ndiyo pekee iliyo hai. Nikiichomoa hiyo, nyimbo zinaweza kwenda nayo.

Mtu wa kawaida angetazama taa. Kila diski ina taa ndogo, kijani kwa mzima na nyekundu kwa mgonjwa. Niliinua kile kitambaa cha kufuma ambacho mama aliivalisha mashine, kama tunavyovalisha televisheni sebuleni. Mahali pa taa palikuwa na sparadra nyeupe, ile ya kufungia vidonda. Vipande viwili, vimekatwa sawasawa.

Mkuu wetu wa redio alikuwa na desturi ya kuziba kwa sparadra chochote asichotaka kiguswe. Kwa hiyo sikugusa, wala sikuuliza, maana swali lingeonyesha kwamba sijui. Niliandika kurasa mbili za daftari, moja ikitetea sifuri na nyingine ikitetea moja. Nilimpigia rafiki niliyesoma naye. Naye alikumbuka mchoro tu, na katika mchoro wake diski zilikuwa tatu. Kila asubuhi mkuu aliuliza kama imekwisha, nikajibu niko kwenye analizi.

Siku ya tatu mama alinikuta nimesimama na diski mpya kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

"Enjeniere, unangoja mashine ikusalimie?"

"Mama, sijui ni ipi imekufa. Nikitoa ile nzima, nyimbo zinaweza kupotea."

Aliweka kalamu chini. "Na ule wa baba ya batoto?"

"Hata ule."

Akageukia mashine. "Si uangalie taa."

"Mkuu amezifunga."

"Mkuu gani? Ni mi nilifunga. Moja iligeuka nyekundu, ikaanza kuangalia bantu benye balifiwa, kama jicho ya kuku mugonjwa. Ni aibu."

"Na ya pili? Ile si ilikuwa kijani?"

"We mwenyewe uliniambia ni mapasa. Mumoja unamufunga kidonda, mwingine unamuacha tu? Hawakukulea kwenu?"

Nilimuuliza ipi ilikuwa nyekundu. Alizibandua sparadra zote mbili kwa kucha. Nyekundu ilikuwa chini. Kidole changu kilikuwa kimefanya mazoezi siku tatu juu ya ile ya juu.

Nilimwomba tusali kwanza. Alisali kwa ufupi, kama mtu mwenye sufuria ya sombe motoni. Nikachomoa ya chini, nikaingiza mpya. Mashine haikupiga hata chafya. Kunakili kulichukua hadi alasiri, na muda wote huo mama alikaa mikono mapajani. Mtu alikuja na tangazo la mbuzi, akaambiwa mbuzi angoje.

Kazi ilipokwisha alisema tuusikilize wimbo wa mume wake, safari hii bila visikilizi. Sauti nyembamba ziliingia vizuri. Sauti nzito ilipotakiwa kuingia, haikuingia. Ikaja nyuma kidogo, nusu pumzi. Nikaanza kuhesabu ni vipande vingapi vimepotea, na nitaandika barua ya kuacha kazi kwa lugha gani.

"Mama, unisamehe. Nakala imeharibika. Sauti nzito imechelewa."

Alikuwa anacheka, huku anapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Hiyo si mashine. Alikuwa anachelewa vile vile, myaka yote. Hata mwalimu wa kwaya alichoka naye." Akanisukuma bega. "Rudisha mwanzo."