Mdomo Wangu Ulivyonitaja Kwenye Kituo cha Majani Chai

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Sosiot, kwa hivyo riwaya yangu ya msichana anayependana na mungu wa kuzimu wa Wagiriki niliitoa kwa jina la uongo. Juzi, tukingoja majani chai yapimwe, nikasikia akina mama wakiisifu riwaya hiyo. Nikavimba kichwa kimyakimya.

Kisha Mama Pasta akasema, "Nimeisoma mara mbili, lakini huyo msichana ni mjinga! Mbona hakutoroka huko kuzimu?"

"Si mjinga!" nikaropoka. "Nilimwandika akae kwa hiari yake!"

Wote wakanigeukia.

"Ulimwandika, mwalimu?" akauliza Mama Pasta.

Uso uliniwaka kwa aibu, lakini nikainua kidevu. "Ndiyo, Mama Pasta. Kila neno ni langu."