Meno Manne Niliyoyasugua Mwenyewe

Tulirudi kutoka Sudan, tulikokimbilia wakati wa vita vya 1979, nikiwa na madoa ya kahawia kwenye meno. Wengi waliokunywa maji ya kisima cha kambi yetu kule walikuwa nayo na hawakujali. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Koboko bila cheti, kwa yale niliyojisomea, na siku mtoto wa darasa la nne aliponiambia, "Mwalimu, meno yako iko na kutu," nilianza kufundisha nikiwa nimegeukia ubao.

Kisha nikasoma, kwenye kipande cha gazeti kilichofungia njugu, kwamba daktari husugua jino kidogo sana, halafu hubandika juu yake ganda jembamba la kauri, jeupe. Nikasikia daktari wa meno atakuja Arua kutoka Kampala, kwa siku tatu tu. Niliogopa atakuwa na haraka. Niliogopa zaidi atasugua jino moja kuliko lingine. Nikaamua kumtayarishia kazi.

Naona aibu kuandika hili: nilijifunza kwa taya la mbuzi, juma zima, kwa tupa ndogo ya kuazima kwa fundi saa. Halafu nikashika kioo. Manne ya juu, ya mbele. La kushoto likazidi, nikalipunguza. Basi la kulia likaonekana limezidi. Maji yalipoanza kunichoma, nilijiambia hiyo ndiyo dalili ya kazi safi.

Daktari alitazama, kisha akauliza nani amefanya hivi. Nilisema mimi, tena kwa majivuno kidogo. Akanieleza polepole kwamba kauri hushika kwenye ganda gumu la jino, nami nilikuwa nimelimaliza. Mishipa ilikuwa wazi, mawili yalikwisha kufanya usaha. Akagusa doa kwenye jino la pembeni ambalo sikulifikia.

"Madoa haya yako juu juu tu," alisema. "Ningeyatoa asubuhi moja."

Akang'oa yote manne.

Nilikwenda kwa mama, Abuku, nimeziba mdomo kwa leso. Yeye aling'olewa meno ya mbele ya chini utotoni, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa rika lake. Aliutoa mkono wangu, akalitazama pengo kwa muda mrefu.

"Sisi walitukamata kwa nguvu, mwanangu," alisema. "Wewe, nani alikukamata?"

Nikamwambia ni daktari.