Trekta la Wifi na Mipaka Iliyolimwa

Wifi yangu aliponunua trekta lile kuukuu kwa mkopo, watu walimbandika jina la Mama Trekta, na jina likamvimbisha kichwa. Mimi, dada wa mumewe, nilimtania kwamba sasa ataanza kwenda hata msalani kwa trekta. Alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Mvua ilipokaribia, usingizi ukamruka. Kila mtu alitaka kulimiwa wiki ileile, na vishamba vyetu ni vidogo, vimebanana. Trekta likiingia kwenye kishamba cha jirani yetu fundi cherehani, halijakaa sawa limeshafika mpakani. Linageuka, linarudi, linageuka tena. Dizeli yote ilikuwa inaishia kwenye kugeuka. Na mwisho wa mwezi kulikuwa na rejesho. Akilikosa tu, wenye mkopo wanakuja kubeba trekta lao.

Ndipo akawaomba majirani wa ukanda mzima, kati ya barabara na mto, waache trekta lipite moja kwa moja, kuanzia kwa mwalimu mstaafu pale barabarani mpaka kwake mwenyewe mtoni. Bei angewapunguzia, na wangelipa kazi ikiisha. Kwa bei ile, nani angekataa?

Kazi ikaisha siku hiyohiyo. Udongo ulipendeza, mweusi toka barabarani hadi mtoni. Ila matuta ya mipaka nayo yalikuwa yamelimwa, na hakuna aliyekumbuka kuchomeka hata kijiti.

"Mama Trekta, mimi silipi mpaka nijue nalipia kipande kipi," alisema fundi cherehani.

"Haya, mwalimu, wewe ulikuwa unaishia wapi?" wifi akauliza.

"Hapa," alisema mwalimu, amesimama mahali ambapo, naapa, hajawahi kutia jembe. Fundi cherehani akaanzia hapohapo, akipiga hatua ndefu kama anaruka madimbwi. Wenzake wakajipanga nyuma yake.

Wifi alinivuta pembeni. "Wifi, tukipeleka hili kwa wazee itachukua miezi. Na hawa hawatatoa hela."

"Wabishie basi."

"Nikiwabishia, rejesho nitalipa na nini?"

Nilishaona anakoelekea.

Akamkubalia kila mmoja pale aliposimama. Vijiti vikachomekwa kuelekea mtoni, kila jirani akijiongezea kidogo, na wote wakalipa palepale kwa bashasha ambayo sijaisahau. Shamba la wifi ndilo lilikuwa la mwisho. Vijiti vilipolifikia, kilichobaki kabla ya maji kilitosha tuta moja la vitunguu.

Rejesho alilipa kwa wakati. Jioni ile kaka yangu alimuuliza mahindi tutapanda wapi mwaka huu.

Wifi aliliangalia trekta pale uani. "Kesho uwaulizeulize majirani," alisema, "kama kuna anayekodisha shamba."