Pombe ya Gahongayire

Milango ndiyo iliyowapa riziki Gikondo, Kigali. Walipofika kutoka Bujumbura mwezi wa nane, 1994, nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa kuta tupu, milango imeng'olewa, na Achille alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mkewe Épiphanie alishika bati upande mmoja, yeye akachomelea upande wa pili. Kufikia Novemba nusu ya mtaa ililala nyuma ya makomeo yake.

Ndipo redio ikasema kuna sheria inaandaliwa. Mgeni yeyote, hata Mrundi, atatakiwa kuwa na visa na kibali cha kukaa, na mashahidi wawili waliomjua mtaani kwake miaka mitatu. Épiphanie hakuwa na shida. Baba yake alikimbia Rwanda zamani, yeye karudi kwao. Mrundi ni Achille. Na kwao Ngozi, huko Burundi, kuna vita: kaka yake alitoka kununua chumvi, mpaka leo hajarudi.

"Ni pendekezo tu," Achille alisema. Lakini siku hizo alikula amesimama, na kila gari lililosimama barabarani lilimfanya azime moto wa kuchomelea.

"Miaka mitatu!" jirani yao Belyse akacheka. "Mtaa mzima huu iko na miezi minne! Shemeji, peleka makomeo yako yakatoe ushahidi."

Wakacheka. Mtu mmoja tu alikuwa pale tangu kabla ya mauaji ya Aprili, ambaye neno lake la miaka mitatu lingeaminika: bibi kizee Gahongayire. Wote walimwendea. Huyu anauliza mpaka wa kiwanja, yule anauliza nyumba aliyoingia ilikuwa ya nani. Aliwajibu kwa kifupi, amesimama mlangoni, mlango wa kwanza aliotengeneza Achille.

Mtu haendi kuomba mikono mitupu. Jumamosi mchana Épiphanie alibeba kibuyu cha pombe ya ndizi, akabisha. Gahongayire alikitazama kile kibuyu kwa muda mrefu. Akaingia ndani, akarudi na mkeka, akautandika, akajifunika kitenge kichwani.

"Umekuja," akasema. "Nilijua iko mtu atakuja."

"Mama, mimi nilikuwa…"

"Mwanangu wa kwanza alikuwa Kagabo. Huyo alipenda kuimba, sauti mbaya kama ya mbuzi." Akatabasamu, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Épiphanie akaelewa. Miezi yote hii watu walikuja pale kuuliza. Hakuna aliyekuja na pombe kukaa msibani. Akaliacha ombi lake. Akaketi. Wakanywa taratibu, bibi akisimulia, mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

Nyumbani Achille alikuwa anamngoja. "Amekubali?"

"Sijamwomba."

"Mchana kutwa ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikaa naye."

Achille alimtazama kama mtu aliyeuzwa na ndugu yake. "Épi, kesho msimamizi Gasana anaandika wageni."

"Lakini sheria bado haijatoka!"

"Majina hutangulia sheria. Hujaona bado?"

Jumapili watu walikusanyika kwenye uwanja wa gereji. Gasana, msimamizi wa mtaa, mtu aliyekulia Kampala, alisimama na daftari na kalamu. "Huyu Mrundi, nani anamjua?"

Wenye makomeo wakatazama viatu vyao. Hata Belyse.

"Mimi," sauti ikatoka nyuma. Gahongayire.

"Miaka mingapi, mukecuru?" Gasana akamuuliza bibi kizee.

Bibi akajisogeza mbele.

"Hata wewe mwanangu sikujui miaka mitatu. Wale niliowajua miaka mitatu, waite uone kama wataitika."

Gasana akainamisha kichwa.

"Huyu namjua tangu mwezi wa tisa," bibi akaendelea. "Alinipa mlango. Mke wake alikuja msibani kwangu. Andika hivyo hivyo."

"Mukecuru, sheria inasema…"

"Bado haijasema," Belyse akadakia.

Gasana akaandika kitu. Épiphanie akanyoosha shingo aone, lakini ukurasa ulikuwa umeshageuzwa.

Njiani Achille akauliza, "Msiba gani?" Épiphanie akamshika mkono.

Jumatatu redio ikaitaja tena ile sheria, bado inajadiliwa. Achille akazima moto, akasikiliza amesimama. Épiphanie alimtazama, akataka kubaki. Kisha akajaza kibuyu, akapanda kwa Gahongayire. Jumamosi, katika kuwasimulia wanawe, bibi alikuwa amefika kwa wa tatu tu.