Kata Iliyomhama Bibi

Jumatatu, katika ofisi ya kata huku Biharamulo, bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alitaka muhuri kwenye hati ya shamba lake linalogombewa na jirani. Karani hakumsalimia.

"Hati inataja kata nyingine. Ulihamia huku lini?"

"Sijahama, mjukuu wangu. Kata ndiyo imehama."

Akaanza kukunja vidole, kila kidole diwani mmoja.

"Huyu alikuja kwa baiskeli. Huyu alituchimbia kisima. Wakati wa huyu kata iligawanywa, mstari ukapita uani kwangu. Tangu hapo nalala kata hii, napika ile."

Mkono mmoja ukaisha, akaanza wa pili. Karani akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa gonga muhuri."

Akagonga. Mimi niliishia kidato cha pili. Historia ya kata yetu nimeisoma kwenye vidole vile.